Kuvua Samaki Kisha Kumwachia: Ni Huruma au Ni Mchezo?



Wapendwa vijana wenzangu, leo nawaletea swali ambalo halikutoka darasani. Kijana mmoja wa VIWAWA hapa Arusha, anayefanya kazi ya kuongoza watalii, alituonyesha video aliyotumiwa na mgeni wake kutoka Oregon, Marekani. Mgeni amesimama mtoni, maji yanamfika mapajani, fimbo ya kuvulia imepinda, na samaki mkubwa wa rangi ya fedha anarukaruka. Baada ya dakika kadhaa anamvuta, anamtoa ndoano, anapiga naye picha, anamrudisha majini. Basi. Yule kijana akauliza: "Frateri, huyu amefanya wema au amemtesa samaki bure? Maana hata hakumla."

Wenzake walicheka. Lakini hebu tulitazame vizuri. Je, ni halali kumuumiza kiumbe kwa ajili ya raha yangu, hata kama mwishoni namwachia aende zake?

Kwanza tumjue samaki mwenyewe

Yule samaki wanamwita steelhead. Anazaliwa kwenye maji baridi ya juu mtoni, anashuka mpaka Bahari ya Pasifiki, anakua huko, kisha anapanda tena kwenda kutaga kwenye mto alikozaliwa. Wengi wa jamaa zake, samaki wa salmoni, hufa wakishataga. Yeye anaweza kupona na kurudi baharini. Wavuvi wengi humfuata mikondo ya juu kati ya Septemba na Novemba, wakati sisi huku tunasubiri mvua za vuli.

Na si mgeni kabisa kwetu. Samaki wa aina hiyohiyo asiyekwenda baharini ndiye trauti mwenye rangi za upinde wa mvua. Wakoloni Waingereza waliwapenda sana trauti kwa ajili ya uvuvi wa kujiburudisha. Kenya, trauti wa kwanza, wale wa kahawia, waliwekwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare mwaka 1905. Hawa wa upinde wa mvua walifuata baadaye. Kwetu Tanganyika trauti walipandikizwa kwenye mito ya Kilimanjaro na ya Meru. Ukiuona mto Themi pale mjini huwezi kuamini, lakini juu msituni maji ya Meru ni baridi na safi, na trauti anataka maji ya namna hiyo. Njia ya baharini hapa imefungwa: maji yanashuka Kikuletwa, yanaingia Nyumba ya Mungu, yanafuata mto Pangani, na huko chini joto lingemmaliza. Anaishi mikondo ya juu tu.

Je, samaki anaumia?

Mwaka 1789 mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham aliandika kwamba kuhusu wanyama, swali si kama wanafikiri au wanasema, bali kama wanaweza kuumia. Mwaka 2003 watafiti huko Scotland, wakiongozwa na Lynne Sneddon, walichapisha matokeo ya jaribio juu ya trauti wa upinde wa mvua. Waliwachoma sindano za sumu ya nyuki au za asidi mdomoni. Samaki walitikisika huku na huku, waliochomwa asidi wakasugua midomo kwenye changarawe, na wote walichelewa kurudia chakula. Wapo wanasayansi wanaopinga: wanasema ubongo wa samaki hauna ile sehemu ambayo kwetu inahusika na kuyatambua maumivu.

Mabishano hayajaisha. Lakini kwa maadili hatuhitaji kusubiri yaishe. Mwindaji akiona kichaka kinatikisika na hajui kama ni swala au ni mtu, hafyatui risasi kwanza. Mashaka yenyewe yanadai uangalifu.

Swali la pili: kwa sababu gani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatupa pande mbili. Namba 2417 inaruhusu kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi. Namba 2418 inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Papa Fransisko alilirudia fundisho hilo katika Laudato Si' mwaka 2015. Angalia vizuri: hadhi inayotajwa hapo ni yetu. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye aliona kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama atauhamishia kwa watu.

Lakini tusiishie hapo, kana kwamba samaki ni daftari la kujifunzia tabia njema. Namba 2416 inasema wanyama ni viumbe vya Mungu, na kwa kuwepo kwao tu wanamtukuza. Trauti anayesimama dhidi ya mkondo alfajiri anamsifu Muumba kabla hajatokea mtu wa kumpiga picha.

Sasa lipo pingamizi la nguvu: "Frateri, si bora kumwachia kuliko kumuua? Muulize samaki mwenyewe!" Kweli, samaki angechagua kuachiwa. Na huko Marekani kuachia kuna sababu nzito. Baadhi ya jamii za steelhead ziko chini ya sheria ya viumbe walio hatarini tangu miaka ya 1990. Mabwawa na uharibifu wa mito vimechangia kuwapunguza. Kwa hiyo kwenye mito mingi ukimnasa wa porini ni lazima umrudishe, na yule wa kufugwa, aliyekatwa pezi dogo la mgongoni kama alama, unaruhusiwa kumla. Anayetafuta chakula akanasa wa porini na kumwachia, anatii sheria nzuri. Hana kosa.

Lakini vipi kuhusu anayekwenda mtoni akiwa ameamua tangu nyumbani kwamba hatamla yeyote? Huyo samaki hakuhitaji kuokolewa mpaka yeye alipomchoma ndoano. Huruma ya kumtoa mtu kwenye shimo ulilomchimbia mwenyewe ni huruma gani? Ujerumani sheria inadai sababu ya msingi kabla ya kumuumiza mnyama, na kuvua kwa nia ya kuachia tu hakukubaliki. Naona Wajerumani wamegusa ukweli.

Wala sisemi raha ni dhambi. Mtakatifu Thomas huyohuyo alifundisha kwamba burudani ina fadhila yake, na mtu asiyejua kabisa kucheza ana kasoro. Furahia mto, furahia subira, furahia mshipi ukikaza. Ila raha iambatane na sababu, isiwe ndiyo sababu pekee ya maumivu ya mwingine. Na huku Meru, ambako trauti aliletwa, ukimpata kwa halali na kumpeleka mezani, kwa shukrani, hapo kuna ukweli zaidi kuliko kuiga desturi ya Oregon bila sababu yake.

Wasifu wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi unasimulia kwamba akiwa kwenye mashua mvuvi alimpa samaki mkubwa aliye hai. Fransisko akamwita ndugu, akamrudisha majini. Naye aliachia, si ndiyo? Ndiyo, lakini hakumvua ili apate sifa ya kumwachia.

Ndoano zetu wenyewe

Jamani, tuseme ukweli: wengi wetu hatutashika fimbo ya kuvulia maisha yetu yote. Lakini wapo vijana wanaovua mioyo kwa mtindo huu. Anatupa chambo cha meseji tamu, anasubiri, ananasa, anapata picha na sifa kwa marafiki, kisha anasema, "Nilimwachia kwa amani, sikumfanyia kitu." Aliyeachiwa anaogelea, ndiyo. Mdomoni ana tundu. Yesu aliwaita Petro na wenzake wawe wavuvi wa watu, na alipofufuka aliwaandalia samaki juu ya makaa, wakala pamoja. Uvuvi wake unaishia mezani, kwenye ushirika. Hamvuti mtu ili ajipime nguvu.

Wiki hii jiulize: ni nani au ni kitu gani nakivuta kwangu bila nia ya kukipokea? Ukimpata jibu, kata mshipi mapema.

Ee Bwana, uliyeumba mito na vilivyomo, utupe mikono inayojua kwa nini inashika. Amina.

Tafakari njema.