Sitara ya Nani?

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeulizwa suali ambalo wengi katika mji wetu wanalo moyoni wala hawalitamki. Binti wa Kiislamu amepelekwa chuo kikuu kutafuta elimu. Mwalimu wake akamtaka kwa jambo la haramu, akamwambia kwamba bila ya hilo hatapita mtihani, au akamshika kwa nguvu. Jee, yafaa aseme, au limpasalo ni kunyamaza na kujisitiri? Na sisi wazazi tukiambiwa, yatupasa tufanye nini?

Suali hili si la watu wa mbali. Kila asubuhi mabinti wa Mikindani, Jomvu na Changamwe hupita Makupa wakenda kusoma kisiwani, na wengine wako Kilifi, Nairobi na ng'ambo ya mpaka. Hatumtuhumu mtu wala chuo. Lakini yaliyokwisha kudhihiri mbele ya watu hayafichiki. Mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanafunzi mmoja msichana alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wenziwe wanaume, waliokuwa wakijificha nyuma ya jina la Mzee Punch na kubandika ukutani maneno na michoro ya kuwafedhehesha watu. Mwaka 2018, Rais Magufuli alipokwenda chuoni hapo kufungua maktaba mpya, mhadhiri mmoja wa kike, Dkt. Vicensia Shule, aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Na aliyeitwa mbele kujieleza akawa ni yeye aliyesema. Baadaye TAKUKURU nayo ikalichunguza jambo hilo vyuoni. Basi ugonjwa upo, na wenye kuutaja huogopa zaidi kuliko wenye kuueneza.

Wako watu wema wasemao: "Mwenye kumsitiri Mwislamu, Mungu atamsitiri, basi mwambieni mtoto anyamaze." Maneno haya yana asili, lakini yamewekwa mahali pasipo pake. Sitara tuliyousiwa ni ya mtu aliyeteleza katika dhambi iliyo baina yake na Mola wake, akaona haya na akajuta. Huyo tukimfunika, twamsaidia kutubu. Ama mwenye kuchukua haki ya mwenziwe, hiyo si aibu yake peke yake. Ukimfunika leo, kesho atamwita binti wa pili katika chumba kile kile, na wewe utakuwa umemshikia mlango. Mtume (s.a.w.) alipotuamuru tumsaidie ndugu yetu akiwa mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, alieleza kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia na dhulma yake. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 148, twafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya kutangazwa, kisha akatolewa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Wanavyuoni wetu, na miongoni mwao Imam Nawawi, walipohesabu mahali ambapo kumtaja mtu kwa ubaya wake si kusengenya, la kwanza walilolitaja ni la mwenye kudhulumiwa anapomshitakia dhalimu wake kwa mwenye uwezo wa kumpa haki.

Wengine husema: "Hana mashahidi wanne, akisema, atakuwa amemsingizia mtu zina." Hapa pana kuchanganya mambo mawili. Mashahidi wanne huwajibika kwa mwenye kumtuhumu mwenziwe kwamba amezini. Aliyeshikwa kwa nguvu hamtuhumu mtu zina. Yuadai haki ya mwili wake, kama vile aliyenyang'anywa mali anavyodai mali yake. Na aliyeambiwa "nipe hiki nikupe maksi" hakutaja zina kabisa, ametaja rushwa. Tena Qurani yenyewe imetuonyesha kesi isiyo na shahidi wa kuona. Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa kijana katika nyumba ya watu, na aliyemtaka ndiye mwenye nyumba na mwenye funguo. Alipokimbia, yule yule aliyefunga milango akatangulia kushitaki. Haki ilijulikana kwa nini? Kwa kanzu iliyoraruka nyuma. Basi ujumbe ulioandikwa katika simu, nguo aliyoivaa, alama iliyo mwilini na cheti cha daktari, hizo ndizo kanzu za zama zetu.

Kisa hicho chafundisha pia kwamba mwanamume naye hutendewa, na kwamba mwenye cheo aweza kusema uongo akaaminiwa. Kwa hivyo wasemao "kwa nini aliingia ofisini peke yake?" na wajiulize: ni nani aliyemwita, na karatasi ya mtihani iko mkononi mwa nani? Ikiwa alikosa kwa kukaa faragha, kosa hilo halimhalalishii mtu mwili wake.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Katika hadithi ya Wail bin Hujr, waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, mwanamke mmoja alitoka kwenda kusali akashambuliwa njiani. Alipofikishwa kwa Mtume, hakuambiwa alete mashahidi wanne wala hakukemewa kwa kutoka kwake. Aliambiwa aende zake, Mungu amemsamehe. Lakini mtu aliyekamatwa kwanza hakuwa ndiye, na lau kama mkosaji wa kweli hakusimama akakiri, asiye na hatia angaliangamia. Basi tuchukue mafunzo yote mawili: mlalamikaji asikizwe bila ya kutwezwa, na mtuhumiwa asihukumiwe kabla ya jambo kubainika. Neno hili lipelekwe kwa wenye kuchunguza na kuamua. Lisifanywe mazungumzo ya baraza, jina la binti likazungushwa pamoja na kahawa. Na hii ndiyo sitara ya haki: kumfunika aliyeumizwa, si kumfunika aliyeumiza.

Sheria ya Kenya haikuliacha jambo hili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, kifungu cha 23, yamwadhibu mwenye mamlaka anayeendelea kumtaka mtu kwa jambo la ngono hali ya kujua kuwa hatakiwi: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sheria hiyo ilipotungwa ilikuwa na kifungu cha 38, cha kumtia adhabuni mlalamikaji ambaye madai yake yameonekana ya uongo. Kifungu hicho kiliwatisha waliodhulumiwa, na mwaka 2012 kikaondolewa. Na mashitaka ya namna hii hayafutwi kwa kikao cha wazee na fungu la fedha, wala kwa kumwoza binti kwa yule aliyemvunjia heshima yake. Hiyo ni dhulma ya pili juu ya ya kwanza.

Kwa hivyo mzazi akiletewa habari hii, neno lake la kwanza liwe, "Nimekusikia, mwanangu, na u pamoja nami." Ikiwa ameingiliwa kwa nguvu, apelekwe hospitali upesi, kabla ya kuoga na kabla ya nguo kufuliwa, kwani dawa ya kuzuia ukimwi hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Katika Hospitali Kuu ya Pwani kiko kituo cha kuwahudumia waliotendewa haya. Kisha polisi, ambako hutolewa fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Asiyejua pa kuanzia na apige simu 1195. Ikiwa ni maneno na vitisho, aandike tarehe na mahali, auhifadhi ujumbe wala asiufute, ampate mtu mmoja wa kuandamana naye, na malalamiko yapelekwe kwa wakuu wa chuo kwa maandishi, nakala ibaki nyumbani.

Bibi Khaula binti Thaalaba alikwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe, na sura nzima ikafunguliwa kwa habari kwamba Mwenyezi Mungu ameisikia kauli yake. Ikiwa Mola wa mbingu na ardhi alimsikiliza mwanamke mmoja mwenye mashaka, sisi wa Mikindani tuna udhuru gani wa kuwazibia masikio watoto wetu?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu na vijana wetu katika safari yao ya elimu, na atupe masikio ya kusikia na ndimi za kusema haki. Wabillahi ttawfiq.