Kuulinda Moyo na Kumlinda Mwenye Moyo

Mgonjwa ambaye mishipa ya damu ya moyo wake imesinyaa anaweza kuishi miaka mingi bila shida, lakini upasuaji wa nyonga au wa utumbo huutia moyo huo majaribuni. Maumivu na kupotea kwa damu huufanya upige haraka. Ukipiga haraka huhitaji oksijeni zaidi, na mishipa iliyosinyaa haiwezi kuiongeza. Kwa hiyo madaktari wengi waliona ni busara kumpa mgonjwa vizuizi-beta, dawa zinazotuliza mapigo, kabla hajapasuliwa. Kinga ni bora kuliko tiba.

Mwaka 2008 matokeo ya utafiti wa POISE, uliohusisha wagonjwa 8,351 katika nchi 23, yaliitia imani hiyo kwenye mizani. Baadhi walianzishiwa metoprololi, kizuizi-beta kimojawapo, saa chache kabla ya upasuaji. Wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Kwa kila wagonjwa 1,000, dawa iliwaepusha 15 na shambulio la moyo, lakini vifo viliongezeka kwa 8 na viharusi kwa 5. Moyo ulilindwa, mwenye moyo akadhurika.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: mgonjwa akivuja damu baada ya kushonwa, au maambukizi yakienea mwilini, moyo hukimbia ili shinikizo la damu lisishuke. Dawa huuzuia. Shinikizo hushuka, na ubongo hukosa damu.

Hapo ndipo linapozuka swali la maadili: je, anayekusudia kinga analaumika kwa madhara yake? Nia njema humwondolea daktari hatia ya uovu, lakini haimwondolei wajibu wa kupima. Aliyepasuliwa hospitalini alikuja kutafuta maisha yake, na kiungo kimoja kikisalimika huku maisha yakipotea, lengo la tiba limekosekana.

Lipo swali la pili: shambulio la moyo na kiharusi vinapimwaje pamoja? Mashambulio mengi ya baada ya upasuaji hayaumi, na hugunduliwa kwa kipimo cha damu tu. Hata hivyo huongeza hatari ya kufa. Kiharusi kinaweza kuchukua usemi, au mkono wa fundi cherehani. Takwimu zinaonyesha uwezekano wa kila dhara. Uzito wake anaujua atakayeishi nalo. Ndiyo maana mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari zote mbili kabla ya kutia sahihi.

Mwongozo wa leo umebeba funzo hilo. Anayetumia vizuizi-beta tangu zamani huendelea navyo, kwa kuwa kuvikatiza ghafla nako ni hatari. Asiyevitumia haanzishiwi siku ya upasuaji. Akivihitaji, huanza mapema, kwa dozi ndogo, chini ya uangalizi. Daktari anayesubiri hivyo hajamtelekeza mgonjwa, maana kujizuia kunakotokana na ushahidi nako ni sehemu ya tiba.