Flashi ya Kuokota ni Amana, Usiichomeke



Ijumaa moja niliokota flashi penye kutawadhia, katika msikiti mmoja wa Mji Mkongwe. Nikasema moyoni, nimtafute mwenyewe. Nikaenda nayo madrasa, nikaichomeka kwenye kompyuta yetu nitazame jina. Sikuona jina. Siku ya pili mafaili yetu hayafunguki. Humo ndimo ilimokuwa orodha ya mayatima na michango ya wanaowafadhili.

Kompyuta ile haikuwa na intaneti, nasi tukidhani iko salama. Kumbe hata kirusi Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashine za nyuklia za Natanz, Iran, kilitengenezwa kiweze kusafiri kwa flashi.

Wala si mimi peke yangu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, flashi 297 zilidondoshwa makusudi katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Karibu nusu zilichomekwa na mafaili yake yakafunguliwa. Wengi wa waliohojiwa walisema walikuwa wakimtafuta mwenyewe! Basi mwenye hila huvizia hata huruma zetu.

Ndugu zangu, sheria yetu imetangulia. Kitu kilichookotwa ni luqata. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu yake, aliamuru kijulikane chombo chake na kamba yake, kisha kitangazwe mwaka mzima. Flashi nayo ina rangi, ukubwa na kamba. Mpe imamu aitangaze, na alama moja muifiche. Mwenyewe atakuja kuieleza. Ikilazimu kufunguliwa, apewe fundi mwenye kompyuta isiyo na kitu cha thamani wala kuunganishwa na nyengine.

Na flashi ya rafiki je? Qur'ani, Surat al-Hujurat aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Rafiki yako si fasiki, lakini hajui flashi yake imepita kompyuta ngapi za kuchapishia pale Darajani. Muombe radhi, uikague kwanza.

Mimi nilijuta. Tulipita nyumba kwa nyumba kuandika upya orodha ile, na baadhi ya michango hatukupata ushahidi wake mpaka leo. Nia yangu ilikuwa njema, lakini nia njema haikurudisha amana ya yatima.

Wabillahi tawfiq.