Ushahidi wa Jua

Kupatwa kwa jua hakuna upendeleo. Mwezi huenda mwendo wake bila kumjali mfalme wala mtwana, na hesabu ya mwendo huo yaweza kurudishwa nyuma karne nyingi. Kwa sababu hii wanahistoria, wanapokosa tarehe za wafalme, huinua macho mbinguni.

Wamisri waliacha hati ya Lahun, itajayo siku ya kuonekana tena kwa nyota ya Sirius alfajiri, katika mwaka wa 7 wa mfalme ambaye wengi humtambua kuwa ni Senusret III. Kalenda yao ya siku 365 iliteleza siku moja kila miaka 4. Basi kosa la siku moja ni miaka 4 ya utawala. Tena mtazamaji wa Elephantine, kusini, huiona nyota hiyo siku kadhaa kabla ya yule wa Memphis, na hati haisemi mtazamaji alisimama wapi.

Kwetu Afrika Mashariki mfano mashuhuri ni wa Biharwe, karibu na Mbarara, Uganda. Masimulizi husema kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, aliishambulia Nkore zama za Ntare Nyabugaro, akateka ng'ombe wengi. Jua likapatwa, askari wake wakashikwa na hofu, wakakimbia, wakaacha mateka. Wachunguzi walichagua kupatwa kwa tarehe 17 Aprili, 1520, na orodha ndefu za wafalme zikapata nguzo ya kufungiwa. Walakini wako waikataao tarehe hiyo. Sikuwaelewa mpaka nilipoketi na bibi mmoja wa Kisarawe.

Alitaka nimwandikie barua ya umri wa wajukuu wake wawili wasio na vyeti, mmoja wa Kisarawe, wa pili wa Kibaha, ili wapokewe shuleni. "Andika, mwanangu, wote walizaliwa siku jua lilipoliwa." Siku hiyo twaijua: tarehe 1 Septemba, 2016, watu walipokusanyika Rujewa, Mbeya, kutazama pete ya jua, na huku Pwani tukaliona limemegwa. Nilifurahi. Nilikuwa nimekwisha andika tarehe hiyo mara mbili, mama wa mtoto wa Kibaha alipoleta kadi ya kliniki: mwanawe alizaliwa siku kumi na moja baadaye.

Bibi hakusema uongo. Alama kubwa huvuta kwake mambo yaliyo jirani, kama mbuyu uvutavyo njia za kijiji zipite kivulini pake. Ikiwa siku kumi na moja zaweza kuyeyuka katika miaka michache, je, vita na giza la Biharwe, vilivyopita vinywani mwa vizazi vingi, vilikuwa siku moja kweli? Jua hushuhudia siku yake tu. Nani alikuwa mfalme siku ile, halijui.

Nilimsahihishia mtoto wa Kibaha. Bibi akanuna, akaniuliza kama karatasi ina macho kumshinda yeye. Akabaki yule wa Kisarawe, asiye na kadi wala shahidi mwingine. Kumnyima barua ni kumfungia mlango wa shule. Kuapa kwa tarehe nisiyoiona ni kuliazima jua ulimi. Mwishowe niliandika: "Kwa kauli ya bibi yake, siku jua lilipopatwa," nikaiweka tarehe ndani ya mabano, nikatia sahihi.