Na Isingesema?

Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza nilirudi kijijini kwetu, wilaya ya Chamwino, nikiwa na kinanda cha oktavu tano nilichokinunua kwa mtu aliyekuwa anahama hosteli. Nilikiweka ndani ya kiroba, nikakizungushia kanga, na njia nzima kutoka Dar es Salaam nilikipakata kama mtoto. Jumapili ya kwanza tu baada ya ibada mwalimu wa kwaya alinifuata. Kulikuwa na mashindano ya kwaya baada ya wiki sita. "Wewe sasa ni msomi wa muziki," akasema. "Tusaidie."

Wimbo wenyewe ulitungwa hapohapo kijijini kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, maneno ya Kigogo juu ya uimbaji wa Kigogo. Nimeukulia. Sikuwahi kusikia kasoro ndani yake mpaka nilipouwekea kinanda. Kwenye mstari wa tatu sauti ya kwanza inapanda kwenye noti ambayo kwa tonik solfa tunaiita ta, yaani ti iliyoshushwa. Nikabonyeza ta. Akina mama wakaimba. Havikukutana. Sauti zao zilikuwa chini kidogo ya kinanda, na wengi walipokisikia walijivuta juu wakakifuata. Mmoja hakuvutika: bibi mmoja aliyekuwa kwenye kwaya hiyo kabla mama yangu hajaolewa.

Nilimwomba aimbe peke yake. Akaimba. Nikabonyeza. "Bibi, uko chini. Panda kidogo." Akaimba tena, palepale. Nilimrudisha mara tano mbele ya kwaya nzima. Mara ya nne kijana mmoja wa besi alicheka. Mara ya tano bibi alisema, kwa upole, "Mwanangu, mimi naona ndipo ilipo," akakaa kwenye benchi. Kesho yake hakuja mazoezini, na keshokutwa pia hakuja. Tulishika nafasi ya pili, tukapewa spika mbili. Nilisifiwa, na nilifurahi.

Ninaandika haya kwa sababu kwa miaka kadhaa nimejiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa, na kila jibu ninalolipata linanisamehe haraka mno.

Nieleze kwanza kilichotokea chuoni baadaye. Mwaka wa kwanza wa muziki, kwa tuliosoma sisi, ni mwaka wa kufundishwa kusikia. Mwalimu anapiga noti mbili, unataja umbali kati yake. Anapiga kodi, unasema ni ya aina gani. Unaimba skeli, yeye anakufuata na kinanda, na ukishuka anasimama. Baada ya miezi kadhaa sikio linabadilika kweli. Nilianza kusikia redio ya daladala inavyopotoka, adhana inayoanza juu na kumaliza chini, kengele ya shule ikigongwa kati ya noti mbili. Nilidhani nimefunguliwa masikio. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nafunguliwa upande mmoja.

Mwaka wa tatu tulikuwa na somo la ala za muziki. Siku hiyo mwalimu alikuja na gitaa akatuonyesha jambo ambalo yeyote mwenye gitaa anaweza kulijaribu jioni hii. Chukua uzi mnene wa juu kabisa. Usiubane. Uguse tu kwa ncha ya kidole, nyuma kidogo ya freti ya tatu, mahali ambapo ni sehemu ya saba ya urefu wa uzi, halafu upige. Utasikia sauti nyembamba, kama filimbi ya mbali. Hiyo ni hamoniki ya saba. Haikuundwa na mtu. Imo ndani ya kila uzi unaotikisika. Sasa bana uzi mwembamba kabisa kwenye freti ya kumi, upige. Kwa jina ni noti ileile. Kwa sikio sivyo. Ile ya kwanza iko chini.

Iko chini kwa kiasi kinachojulikana. Kinanda cha leo kimegawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua tunaihesabu kuwa senti 100. Ta ya kinanda iko senti 1000 juu ya do. Hamoniki ya saba iko kama senti 969. Tofauti ni senti 31, karibu theluthi ya hatua moja. Mwalimu akaendelea kutuambia kwamba Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, ameeleza kuwa muziki wa Wagogo umejengwa juu ya mfululizo huohuo wa sauti za asili, na hiyo ya saba ikiwemo. Kisha akatuwekea rekodi ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuifikisha ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya.

Darasa liliendelea. Mimi nilikuwa nimerudi kanisani, kwenye benchi alilokalia bibi.

Usiku ule nilitafuta kwenye simu rekodi ya mazoezi yale. Ilikuwepo. Niliiingiza kwenye programu ya kompyuta inayochora sauti, nikapima mara zote tano. Hazikulingana, koo la mtu si mashine. Lakini zote tano zilikuwa karibu na 969 kuliko 1000. Kwa maana hiyo, katika chumba kile mtu mmoja tu alikuwa anaishikilia ta ya wimbo, na ndiye niliyemkalisha.

Sasa, kosa. Utetezi wa kwanza ni kwamba sikujua. Ni utetezi mzuri, na kwa mambo mengi ninaukubali. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutokuwa na habari ambayo hakuna aliyempa. Lakini Aristotle anataja sheria iliyomwongezea mlevi adhabu mara mbili. Hoja ilikuwa kwamba ujinga wa mlevi una mwanzo, na mwanzo huo ni yeye mwenyewe, angeweza kutolewa. Nikisoma hapo ninajiona. Kabla sijaenda chuo nilikuwa nauimba wimbo ule kama bibi. Ujinga wangu nilikwenda kuutafuta, niliulipia ada, nikaufanyia mtihani nikafaulu. Nilikuwa nimeulewa mwaka wa kwanza.

Utetezi wa pili ni kwamba kwaya yenyewe ilitaka. Hili nalo ni kweli, na silidharau. Hakuna aliyewalazimisha. Vijana walitaka kinanda, akina mama walitaka kushinda, na mwalimu wa kwaya alichoka kushindwa na kwaya za mjini. Mimi sina haki ya kurudi sasa na kuwaambia wabaki walivyokuwa ili mimi nipate cha kuandikia tasnifu. Muziki wa Wagogo si mali ya makumbusho. Zawose mwenyewe alirekodi na wanamuziki wa Magharibi, na hakuna anayeweza kusema aliacha kuwa Mgogo. Kama kwaya ingekaa ikaamua kwamba sasa tunaimba kwa kipimo cha kinanda, ungekuwa uamuzi wao. Ila haikuamua. Mimi sikusema "tuchague." Nilisema "umekosea." Kati ya maneno hayo mawili ndipo bibi alipokaa chini.

Utetezi wa tatu ndio wanafunzi wenzangu wa uzamili wanaoupenda, na ndio ninaouogopa zaidi: kwamba hakuna kukosea katika muziki, kila mtu ana kipimo chake. Mwingereza Alexander Ellis, aliyetupa hesabu hii ya senti, alichapisha mwaka 1885 utafiti wake juu ya skeli za mataifa mbalimbali na kuhitimisha kwamba hakuna skeli moja iliyowekwa na maumbile kwa watu wote. Jambo linalonivutia ni kwamba Ellis hakuwa na sikio la kutegemea; kazi ya kusikiliza alimtegemea Alfred Hipkins. Labda ndiyo sababu aliona. Mtu asiye na imani na sikio lake hana haraka ya kumsahihisha mwenzake.

Lakini Ellis hakusema kwamba hakuna kukosea, na bibi asingekubali hata kidogo. Nikiwa mtoto alinisahihisha mara nyingi, na hakuwa mpole. Wimbo wake una mahali pake, na ukipakosa umepakosa. Mwaka huu ninasaidia kufundisha darasa la kusikiliza la mwaka wa kwanza, na mwezi uliopita kijana mmoja aliimba skeli akashuka vibaya. Nikamuuliza kwa heshima zote ametoka wapi, na kwao wanaimbaje. Darasa lilinyamaza. Akanijibu, "Hapana, nimekosea tu." Tulicheka wote, yeye kwanza. Kumvika mtu utamaduni ili usimwambie amekosea ni njia nyingine ya kutomsikiliza.

Basi kusahihisha kupo, na ni wema, na bila huko hakuna anayejifunza chochote. Ninachokiona sasa ni kwamba anayesahihisha anadaiwa jambo moja kabla ya kufungua mdomo: ajue yule mtu alikuwa analenga wapi. Bibi aliniambia. "Mimi naona ndipo ilipo." Mtu aliyekosea hurudi mahali tofautitofauti, hutangatanga. Yeye alirudi palepale mara tano, mbele ya watu, huku akichekwa. Hilo peke yake lilitosha kuniuliza swali, na halikuhitaji gitaa wala kompyuta.

Nilikwenda kumwona baada ya mahafali. Nilimkuta uani anapukuchua karanga. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kupukuchua naye, kisha nikamwomba radhi. Niliomba vizuri, nadhani. Tatizo ni kwamba sikuishia hapo. Nilimweleza habari ya uzi na sehemu yake ya saba, nikamwambia kwamba nimepima sauti yake na kwamba alikuwa sahihi, na wazungu wameandika kwamba yuko sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mashine yako sasa inasema nilikuwa sawa."

"Ndiyo, bibi."

"Na isingesema?"

Sikujibu. Bado sina jibu ninaloweza kumpelekea. Kama zile mara tano zingeangukia kwenye namba isiyo na maelezo, isiyo hamoniki ya chochote, ningekwenda kumwomba radhi? Ninajua kwamba nisingekwenda. Ningeendelea kuamini kwamba kikongwe mmoja alipoteza sauti, kama wanavyopoteza. Radhi yangu ilimfikia kwa sababu fizikia ilimsimamia. Na watu wengi wanaoshikilia jambo lao hawana fizikia ya kuwasimamia.

Bibi hakurudi kwenye kwaya. Alisema magoti yanamuuma na mazoezi ni ya usiku. Spika bado zipo. Wimbo unaimbwa kila mavuno, kwa ta ya kinanda, na watoto waliozaliwa juzi wanaujua hivyo. Si wimbo mbaya.

Siku ile, kabla sijaondoka, aliniambia niuimbe mstari wa tatu. Niliimba. Akatikisa kichwa. "Unapanda." Nikarudia, nikijitahidi kushuka, nikashuka mno. "Sasa umepotea." Nilirudia mara sijui ngapi, maganda ya karanga yakiwa yamejaa mapajani, nikitafuta kwa koo langu mahali ninapoweza kupataja kwa namba na desimali. Hakucheka. Kila nilipokosa aliuimba yeye kwanza, taratibu, halafu akaningoja.