Kikokotoo na Suala la Nia

Mwanagenzi wa ufundi wa kuandika programu za kompyuta, akishajua namna ya kuiamuru mashine iandike neno moja juu ya kioo, aghalabu hupewa kazi ya pili iliyo ndogo kwa umbo lakini nzito kwa maana: atengeneze kikokotoo kisicho na picha wala vitufe vya kubonyeza, kinachokaa ndani ya dirisha jeusi la amri, kikiuliza nambari ya kwanza, kisha alama ya hesabu, kisha nambari ya pili, na kutoa jawabu katika mstari wa chini. Kwa lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991 na ambayo leo ni mlango wa wanagenzi wengi, kazi yote yaweza kumalizika kwa mistari michache. Watu huiona kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi naiona kuwa ni mahali pazuri, pengine kuliko vitabu vingi vya falsafa, pa kuulizia suala lililowashughulisha wanazuoni wa dini kwa karne nyingi: kitendo ni cha nani, cha mkono uliokitenda au cha nafsi iliyokikusudia?

Tazama mushkili wa kwanza unaomkuta mwanagenzi. Anaandika 2, anaandika 3, anaamuru vijumlishwe, na mashine inamjibu 23. Sababu yake ni nyepesi: kila kinachoingia kwa njia ya kibodi hupokewa kama herufi tupu, na herufi zikijumlishwa huunganishwa, moja ikafuata nyingine, mpaka mwandishi aseme kwa amri iliyo wazi kwamba hizi si herufi bali ni nambari. Asiyejua atacheka na kusema kuwa mashine haina akili. Lakini amri ikisahihishwa na jawabu likawa 5, je, akili imeingia? La hasha. Kwa mashine 5 na 23 ni hali moja, maana zote mbili ni utii uliokamilika. Tofauti baina ya kosa na usahihi haipo ndani yake kabisa, ipo kwa yule aliyekaa mbele yake akitaka jambo fulani na si jingine. Kadhalika ukijumlisha sehemu moja ya kumi na sehemu mbili za kumi utaletewa 0.30000000000000004, kwa kuwa mashine huhesabu kwa misingi ya mbili, na sehemu ya kumi katika misingi hiyo haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika misingi yetu ya kumi, basi hukatwa pale nafasi inapokwisha. Ni nani wa kusema kwamba kimkia kile cha mwisho ni upuuzi na kwamba jawabu ni sehemu tatu za kumi? Si mashine.

Hapa ndipo nia inapoingia. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, nia ni nguzo katika nguzo za sala, na mahali pake ni moyoni. Mtu aliyeinama, akasujudu, akainuka kwa sababu anatafuta sarafu iliyomdondoka juu ya mkeka, hata viungo vyake vikifuata mwendo wa rakaa bila ya kukosea, hakusali. Kikokotoo, kwa rai yangu, hakijumlishi kwa maana iyo hiyo. Blaise Pascal alipotengeneza mashine yake ya hesabu mwaka 1642, akiwa kijana asiyetimiza miaka ishirini, apate kumpunguzia baba yake taabu ya hesabu za kodi mjini Rouen, aliona jambo hili kwa macho yaliyo makali. Na baadaye, katika mawazo yake juu ya dini ya Kikristo, aliandika kwamba mashine ile hutoa matokeo yaliyo karibu na fikira kuliko yote yafanywayo na wanyama, ila haifanyi lolote la kutufanya tuseme kwamba ina utashi kama wanyama. Mnyama alimweka chini ya mashine kwa hesabu na juu yake kwa kutaka. Sijui mwanafalsafa mwingine aliyesifu kazi ya mikono yake na kuiwekea mpaka kwa tamko moja namna hii.

Yuko atakayepinga akisema kuwa hata karani wa duka, ajumlishaye safu ndefu za nambari tangu asubuhi hadi alasiri, huzijumlisha huku moyo wake uko kwingine. Hujja hii ina nguvu, nami siibezi. Lakini karani aweza kuulizwa: hili umelipata wapi? Naye ataona haya, au atatetea, au atarudia. Moyo wake ulikuwa mbali, haukuwa haupo.

Mushkili wa kugawanya kwa sifuri ni mkubwa zaidi, na wahenga wa Bara Hindi waliutazama mapema. Brahmagupta, mwaka 628, alisema sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri. Na Bhaskara, katika karne ya kumi na mbili, aliona kwamba nambari iliyogawanywa kwa sifuri haina ukomo, akaifananisha na Mungu asiyebadilika, ambaye viumbe wakitoka kwake au wakirejea kwake hazidi wala hapungui. Wanahisabati wa leo hawakufuata yeyote katika hao wawili; wamesema kugawanya kwa sifuri hakuna maana, wakafunga mlango. Sasa mwanagenzi aiamuru Python igawanye 1 kwa 0: itakataa, na programu itasimama. Aiamuru lugha ya JavaScript, katika kompyuta ile ile, juu ya meza ile ile: itamjibu kwamba ni kitu kisicho na ukomo. Chuma ni kimoja na majawabu ni mawili, kwa kuwa watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walikaa wakachagua. Tunapodhani kwamba mashine imetamka, tumesikia sauti ya mtu aliyekwisha ondoka chumbani.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake cha Al-Munqidh min al-Dhalal kwamba ilimu ya hisabati haina ugomvi na dini, wala haithibitishi wala haikanushi, lakini imezaa fitina mbili. Ya kwanza ni ya mtu aonaye jinsi wanahisabati walivyo na hakika katika hesabu, akadhani kwamba kila wasemalo, hata juu ya Mungu, lina uhakika ule ule. Ya pili ni ya rafiki mjinga wa dini, anayedhani kuwa dini hulindwa kwa kukanusha ilimu zote za hao. Karne tisa zimepita na fitina zote mbili zingali hai. Siku hizi wapo waulizao mashine kwanza mirathi ya baba yao, na wapo wasemao mashine ni haramu isiguse mirathi.

Na mirathi ndiyo mizani ya mjadala huu. Al-Khwarizmi, alipoandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, alisema kwamba watu wanahitaji hesabu hizo katika mirathi, wasia, magawanyo, mashauri na biashara. Na sehemu kubwa ya kitabu imeshughulika na wasia na mirathi. Basi mwanagenzi wetu, akishamaliza alama nne, na akipanue kikokotoo chake kigawanye urithi. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Mashine itajumlisha na kuleta ishirini na saba juu ya ishirini na nne, yaani mali nzima na thumuni juu yake. Hesabu haina kosa hata moja, na mali haigawanyiki.

Mushkili kama huu ulimfikia Umar bin Khattab katika ukhalifa wake, kwa mwanamke aliyeacha mume na dada wawili, ambao mafungu yao ni nusu na theluthi mbili. Akashauriana na masahaba, na mafungu yote yakapunguzwa kwa kadiri moja, njia ambayo wanazuoni wameiita auli. Ama lile la mke na mabinti, husimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa yu juu ya mimbari, akajibu pasi na kukata hotuba kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani sehemu moja ya tisa. Sahaba Ibn Abbas hakuikubali auli. Aliona wapungukiwe wale ambao fungu lao laweza kubadilika, kama mabinti na dada, na wengine wapate kamili. Na Mashia Ithnaasheri, walioko Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam pia, hawafuati auli. Mali ikiwa shilingi 21,600,000, kwa auli mke atapata 2,400,000, mabinti 12,800,000 kwa pamoja, na kila mzazi 3,200,000. Kwa njia ya pili mke atapata 2,700,000, mabinti 11,700,000, na kila mzazi 3,600,000. Majumuisho yote mawili yanatimia, na hakuna alama ya kujumlisha wala ya kugawanya iwezayo kuamua baina yake, kwa sababu ikhtilafu haikuwa ya hesabu bali ya kufahamu alichokikusudia Mwenye kuamuru.

Hata hivyo mstari wa programu hauna budi kuandikwa, nao utachukua upande mmoja. Akiuandika mwanagenzi kimya kimya, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa nyumbani kwao, amemhukumia mjane asiyemjua, naye mjane atadhani kompyuta imehesabu. Ndiyo maana kikokotoo cha namna hii, kikiwa ni cha kutumiwa na warithi au mbele ya Mahakama ya Kadhi, Kenya au Zanzibar, kiulize kwanza urithi huu unagawanywa kwa madhehebu gani, kabla ya kuuliza kiasi cha mali. Na jawabu likitoka, itajwe chini yake kauli iliyofuatwa, ili kadhi apate kuikubali au kuirudi.