Kejeli na Mipaka Yake

Hoćemo gusle ni albamu ya kejeli iliyotolewa mwaka 1989 na Rambo Amadeus, mwanamuziki wa Montenegro aliyezaliwa Kotor mwaka 1963 kwa jina la Antonije Pušić. Jina lake la kisanii linamkutanisha mpiganaji wa sinema za Marekani na Mozart. Jina la albamu, yaani "Tunataka gusle", lina asili yake katika maandamano yaliyoitikisa Montenegro wakati huo. Baadhi ya waandamanaji walisikika wakiwataka Warusi. Baadaye ikadaiwa kuwa walichotaka ni gusle tu, aina ya zeze linalosindikiza tenzi za mashujaa, kwa kuwa maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti katika lugha yao. Msanii akauchukua udhuru huo na kuubandika kwenye jalada.

Katika albamu, majigambo ya tenzi yanachanganywa na roki na jazi hadi ushujaa wa maneno matupu unajiumbua. Hapo linazuka swali la kimaadili: anayeiga upuuzi ili kuukejeli, anaupunguza au anaueneza? Plato, katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, alionya kwamba mtu akizoea kuchekea mambo yanayoigizwa jukwaani ambayo mwenyewe angeona haya kuyatenda, haya hiyo humtoka taratibu.

Neno "turbo-folk" linaipa nguvu hoja hiyo. Rambo Amadeus, anayetajwa kuwa ndiye aliyelibuni, alilitumia kwa mzaha. Katika miaka ya 1990 likawa jina halisi la muziki uliotamba Serbia enzi ya utawala wa Slobodan Milošević, na mashabiki wake hawakuliona kuwa tusi.

Sababu ni kwamba kejeli hutegemea kipimo ambacho msikilizaji tayari anacho. Anayeijua aibu huelewa; asiyeijua huburudika tu. Kejeli hufichua uovu, ila haimfundishi wema asiyeujua.

Rambo Amadeus mwenyewe alifika kwenye mpaka huo mwaka 1992 mjini Belgrade, wakati wa vita vya Yugoslavia, katika tamasha lililorushwa moja kwa moja na televisheni. Alipanda jukwaani akasema waziwazi kwamba muziki unapigwa huku mabomu yakianguka katika miji ya Dubrovnik na Tuzla, kisha akaitupa maikrofoni chini na kuondoka. Fumbo linafaa pale ambapo wasikilizaji bado wanaweza kulifumbua. Watu wanapouawa, mwenye kukejeli anadaiwa neno la wazi.